Punda wa Mstari wa Mbele

Jumatatu, 9 Juni 2025. Kilosa.

Nimemaliza! Albamu zote nne za mchekeshaji Shemeji Ndimu nimezipanga kwa ubora, kwa kalamu na rula, na kwa saa yangu ya mkono niliyopimia ukimya kati ya mzaha na kicheko. Hakuna mtu Tanzania hii aliyewahi kupima ukimya wa Shemeji Ndimu. Nimeupima mimi, Urbanus, fundi redio, kwenye kibanda changu nyuma ya soko.

Ya kwanza ni Shemeji Kaja, ile ya kaseti, aliyoirekodi peke yake chumbani huko Morogoro. Hakuna mtu anayecheka ndani yake. Safi kabisa. Ya pili Mkwe Kanuna, kwa sababu ya yule mkwe anayeitikia marahaba kabla hajaamkiwa. Ya tatu Nimekuwa Mtu Mzima, ingawa kuna kinanda kinachozurura nyuma ya maneno kama mgeni aliyepotea nyumba. Ya mwisho, tena mwisho wa mbali, Moja kwa Moja Mikumi.

Sababu ninayo. Mkasa wa tembo ndiyo kazi bora ya Shemeji Ndimu. Tembo kaingia jikoni, anakula unga. Mke anamsukuma mumewe aende akaongee naye, si ndiye mwanaume wa nyumba? Mume anatoka na taulo kiunoni, anasimama mbele ya tembo, anasema: "Shikamoo." Kisha ukimya. Ukimya wa dhahabu! Lakini kwenye albamu hii haufiki hata sekunde mbili. Kuna mtu mstari wa mbele anapasuka. Hii-haa! Hii-haa! Punda mtupu. Ukumbi mzima unamcheka yeye. Shemeji Ndimu mwenyewe anasikika akimwomba: "Ndugu yangu, niache nimalize." Jibu la tembo linazama. Mpaka leo hakuna anayejua tembo alijibu nini.

Na Bundala wa Rudewa anasema hiyo ndiyo albamu bora! Bundala anafuga ng'ombe na kulima mpunga, ana spika kubwa kuliko mlango wangu, na anadhani ukubwa wa spika ni ukubwa wa akili. Tuko naye kwenye kundi la WhatsApp la wapenzi wa Shemeji Ndimu, watu ishirini na tatu. Nimetuma matokeo saa nne asubuhi. Namba nne nimeandika sababu waziwazi: punda wa mstari wa mbele. Watu saba wamecheka. Bundala kajibu kwa dole gumba lililoelekea chini. Hana hoja.

Jumanne, 10 Juni.

Siku njema kuliko zote tangu Januari. Dada yangu Jackline, anayepeleka vitunguu vya Lumuma hadi Mikumi, kaniletea kifurushi kutoka kwa Costancia.

Costancia! Kwenye daftari hili namwita hivyo. Mdomoni namwita Mama Laurent kama watu wote. Ana mgahawa kando ya barabara kuu Mikumi, wanapokula madereva wa malori. Mumewe alifariki miaka sita iliyopita, alikuwa fundi matairi, sikuwahi kumjua. Januari mwaka huu Costancia aliniletea redio. Niliitengeneza kwa dakika kumi, nikakaa nayo wiki tano nikisema spea haijafika kutoka Dar, ili aendelee kupiga simu kuulizia. Alipiga mara tisa. Siku alipokuja kuichukua niliumwa kweli, si kwa kujifanya.

Ndani ya kifurushi: CD ya Moja kwa Moja Mikumi. Nilikaa chini. Jackline akasema CD hiyo imekwaruzika, kwenye mashine yake haisomi tena, na Mama Laurent anaomba niihamishie kwenye flashi kama itawezekana. Akasema mama wa watu anaipenda hiyo kuliko zote. Masikini! Hajawahi kusikia kitu kizuri. Jackline akaanza kuniambia kuna jambo kuhusu hiyo CD. Nikamwambia hakuna jambo kuhusu hiyo CD nisilolijua. Akasema haya, akaondoka na vitunguu vyake.

CD hizo zilikuwa chache, Shemeji Ndimu alizitengeneza mwenyewe akaziuza mlangoni. Ninazozijua mimi ni mbili: hii, na ya Bundala.

Nimepata wazo. Sitainakili tu. Nitaisafisha. Nitamtoa punda! Costancia atausikia ukimya kwa mara ya kwanza maishani mwake, na atajua ni nani aliyempa.

Alhamisi, 12 Juni.

Siku mbili sijashika redio ya mtu. Mashine yangu imesoma CD kwa shida, ikasoma. Nimekata vicheko kumi na kimoja. Kuna mahali mwanamke naye ananong'ona baada ya punda. Nimemkata pia, sikutaka hata kusikiliza anasema nini. Kazi ni kazi.

Pale kwenye tembo nimepachika sekunde nne kamili. Shida ilikuwa jibu. Punda alilifunika lote, halichomoki. Nikatafakari sana. Mwisho nikalirekodi mwenyewe, kichwa nimekiingiza kwenye ndoo ya bati ili sauti iwe nzito: "Marahaba, mwanangu." Nimesikiliza mara ishirini. Huwezi kujua kama si Shemeji Ndimu. Huwezi kujua kama si tembo!

Kompyuta iliniuliza kama nataka kufuta ya zamani na kuweka mpya. Nikabonyeza ndiyo. Mtu akishapata maji safi, matope anayawekea nini?

Ajali ndogo. CD iligoma kutoka kwenye mashine, nikaichokonoa kwa bisibisi, ikalia ka! Vipande viwili. Haina neno. Kitu chenyewe kiko kwenye flashi, kimeoshwa. Nimenunua na karatasi ya zawadi, yenye maua.

Jumamosi, 14 Juni. Mikumi.

Sijui niandike vipi.

Nilipanda pikapu ya Jackline, nyuma, juu ya magunia ya vitunguu, na shati langu jeupe. Kufika Zombo macho yalikuwa yanatiririka. Kufika Mikumi hayaonekani. Costancia aliponiona mlangoni akaacha upawa, akanipa pole, akaniuliza nimefiwa na nani. Nikasema ni vitunguu. Akacheka kidogo. Akaniwekea kiti karibu na jiko, akasema nimekuja wakati mzuri, kuna kuku wa kienyeji. Nikajiona nimeshafika.

Nikampa flashi. Alifungua maua yale polepole, asiichane karatasi. Akaiingiza kwenye redio, ileile ya spea iliyochelewa. Madereva wawili walikuwa wanakula. Akafuta mikono kwenye kitenge, akasimama akiiegemea meza. Alikuwa anatabasamu tangu mwanzo, kabla ya mzaha wowote. Nilimtazama yeye, siyo redio.

Mzaha wa kwanza ukapita. Akainamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza mlango. Wa pili ukapita. Tabasamu likaanza kupungua. Nikafikiri ni umakini. Ukafika mkasa wa tembo. Mume akatoka na taulo. "Shikamoo." Nikanyanyua kidole nimwonyeshe: sasa!

Sekunde nne.

Kisha sauti yangu kutoka ndani ya ndoo: "Marahaba, mwanangu."

Dereva mmoja akacheka. Costancia akazima redio. Akaingia jikoni. Nilidhani ameguswa na ubora. Nikamwambia yule dereva kwamba nimeisafisha mwenyewe.

Alipotoka macho yake yalikuwa kama yangu, na yeye hakusafiri juu ya vitunguu. Akaniuliza taratibu kabisa:

"Fundi, umempeleka wapi?"

Nikauliza nani.

"Samson. Mume wangu. Yule anayecheka."

Akasema hakuna mahali pengine sauti yake ilipobaki. Simu zake ziliharibika, video hawakuwahi kupiga. Picha anazo, lakini picha haicheki. Jumapili akimaliza kuosha vyombo alikuwa anaweka ile CD, si kwa ajili ya Shemeji Ndimu, anangoja tu Samson acheke. Akaniomba nimrudishie CD yake, hata kama ina mikwaruzo, hata kama haisomi.

Nikamwambia iko Kilosa. Sikusema iko vipande viwili. Nikatoka. Kuku sikumgusa.

Jumapili, 15 Juni.

Nimebandika CD kwa gundi. Haisomi. Nimeibandika upya. Mashine imetoa harufu.

Nimetafuta kwenye kompyuta kutwa nzima. Ya zamani haipo. Nilibonyeza ndiyo.

Jackline kaja. Nikamlaumu kwa nini hakuniambia. Halafu akasema alijaribu, Jumanne, nikamwambia nalijua kila jambo. Akanipikia uji, akakaa nami hadi nilipoumaliza. Akaniambia Mama Laurent hajakasirika. Afadhali angekasirika!

Imebaki CD moja duniani. Iko Rudewa.

Mpango: nitamwambia Bundala kuna virusi vipya vinavyokula CD za zamani, na kwamba fundi wa wilaya, yaani mimi, anazikagua bure.

Jumatatu, 16 Juni. Rudewa.

Bundala kasema CD hazipati virusi. Sikujua kama anajua.

Nianze mwanzo. Bundala kanizidi miaka miwili. Miaka yote tunayojuana nimekwepa kumwamkia kwa kumuuliza habari za mifugo. Leo nilisimama mlangoni pake nikasema shikamoo. Alishtuka akaangalia nyuma yake. Kisha akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, akamwita mkewe alete karanga na matobolwa, vile viazi vikavu vyao vya Usukumani. Tukakaa kwenye kivuli cha ghala. Virusi vikashindikana. Nikasema basi naiomba CD, kwa siku moja tu.

Akafurahi kupita kiasi. Akasema atanipa, lakini kwanza niandike kwenye kundi, mbele ya watu wote ishirini na tatu, kwamba albamu ya Mikumi ni namba moja.

Nikaandika: Albamu ya Mikumi ni ya pekee. Akaomba kuona kabla sijatuma. Akasema pekee siyo kwanza. Nikaandika: Albamu ya Mikumi ni ya kwanza kati ya zote alizorekodia Mikumi. Akasoma, akatafuna kiazi, akasoma tena. Akauliza kwani amerekodia ngapi Mikumi. Nikasema moja. Akacheka mpaka ng'ombe wakageuka. Akakataa.

Nikachoka. Nikamwambia ukweli wote. Costancia, flashi, ndoo, bisibisi. Nikamwambia yule punda anaitwa Samson, alikuwa fundi matairi, na amekufa.

Bundala akavua kofia. Alikaa kimya muda mrefu kuliko ukimya wowote niliowahi kuupima. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa nadhani ni mtu wa Shemeji Ndimu, kamlipa acheke." Akaingia ndani, akarudi na CD, kaifunga kwenye kitambaa cha Jumapili cha mkewe. Akasema siyo ya kuazima. Nimpelekee mama wa watu, yeye nimwachie nakala. Masharti hakuna tena.

Lakini akataka tuisikilize kwanza, ili tujue kama ni nzima. Akawasha lile spika. Sikuwahi kukaa mbele ya spika lile kwa nia njema. Tembo akaingia jikoni. "Shikamoo." Na Samson akapasuka. Kwenye spika kubwa si punda. Ni mtu ambaye amejaribu kuzuia, ameshindwa, na anafurahi kushindwa. Na baada yake, pale nilipokata bila kusikiliza, mwanamke ananong'ona: "Samson, acha bwana. Samson!"

Ni sauti yake. Ya Costancia. Ya ujana, ina aibu, na yenyewe inakaribia kucheka.

Nilikuwa nimewakata wote wawili.

Bundala alirudisha nyuma tukasikia tena. Mara sita. Kabla sijaondoka nilichukua simu nikaandika kwenye kundi, bila kuombwa: Namba moja ni Moja kwa Moja Mikumi. Nikaitazama. Nikaongeza: kwa sasa. Nikatuma.

Alhamisi, 19 Juni. Mikumi.

Juzi na jana niliinakili nzima, mara tano, sehemu tano tofauti. Sikugusa hata mkwaruzo. Leo nikapanda na vitunguu tena, hakukuwa na njia nyingine. Macho yaleyale, shati la bluu.

Costancia alikuwa anachambua mchicha. Hakuniuliza nimefiwa na nani. Nilikuwa nimeandaa hotuba, nimeifanyia mazoezi njiani tangu kijiji cha Ulaya. Ikapotea yote. Nikaweka mezani kitambaa cha mke wa Bundala chenye CD nzima, flashi mpya, na vipande viwili vya CD yake. Nikamwambia ya kwake niliivunja mimi, kwa bisibisi. Na hii inatoka Rudewa, kwa mtu anayemheshimu Samson kuliko nilivyomheshimu mimi. Nikamwambia na lile neno punda, kwamba nililiandika mbele ya watu ishirini na tatu.

Akaendelea na mchicha kidogo.

"Mimi nilikuwa namwita pikipiki isiyowaka," akasema.

Akaweka flashi mpya kwenye redio mwenyewe. Mimi nilitazama sakafu. Tembo, taulo, shikamoo. Samson akacheka. Nikainua macho, na nikaona midomo yake inasema pamoja na redio, bila sauti: Samson, acha bwana. Kisha akacheka kweli, mkono mdomoni, na machozi, na mchicha mwingine ukaanguka chini. Nikauokota. Sikuwa na kazi nyingine.

Akanieleza. Samson hakuwahi kungoja mzaha uishe. Hata siku ya harusi yao alicheka kabla padri hajamaliza, padri akaanza upya. Siku ile ukumbini alimwonea aibu sana, akahama viti viwili kumkimbia.

"Nilihama, fundi. Ukisikiliza vizuri utaona sauti yangu inatokea mbali kidogo. Ningejua nisingehama."

Nilitaka kumwambia kwamba hata kutoka viti viwili sauti yake ilimfikia Samson, kwa sababu akishaitwa anacheka zaidi. Nikajikuta nimesema. Akarudisha nyuma, akasikiliza. Ni kweli. Hakuwahi kulisikia hilo, miaka yote. Lakini mimi nimezoea kupima.

Akaenda jikoni akarudi na sahani. Wali, kuku, na paja lote. Akasema, "Jumamosi uliondoka hujala. Nilikuwekea hadi jioni."

Nimekula kila kitu. Nikajilamba vidole kama mtoto. Akanitazama nikila, na mara mbili akajifanya hatazami.

Nilipoaga akanisimamisha. Akatoa bahasha. Picha ya harusi yao, moja tu, ya mwaka 2001. Paa lilivuja, kona moja imeanza kufubaa, anaogopa itaendelea. Ameona picha kubwa ya fremu kwa jirani, anataka ya namna hiyo. Akaniuliza kama nitaweza. Ananipa mimi, baada ya yote! Nikasema naweza. Akanishika mkono, akasema polepole kama anavyosema na mwanaye Laurent: "Ikuze tu. Usiguse kitu." Nikaapa. Akasema nikiileta Jumapili kutakuwa na maandazi, na nije mapema, kabla hajaosha vyombo.

Kabla hajaosha vyombo! Nimelirudia neno hilo njia nzima. Jackline kasema nanuka vitunguu na ninacheka peke yangu.

Ijumaa, 20 Juni. Kilosa.

Kazi imeanza mapema. Picha imetoka vizuri kwenye kompyuta. Kona nimeirekebisha, haionekani kabisa kama iliwahi kunyeshewa. Costancia kavaa shela, anatazama chini. Samson kafumba macho, mdomo wazi, bila shaka padri alikuwa bado anasema kitu. Mtu mzuri. Ningempenda.

Tatizo moja. Nyuma ya bega la Costancia kuna bibi mmoja mfupi, kilemba kimekaa upande, shavu limejaa chakula, mkono umenyooshwa kama anazuia kuku asiingie kanisani. Picha yote imetulia isipokuwa yeye. Jicho likienda kwa maharusi linarudi kwa bibi. Kwenye fremu kubwa, ukutani, madereva wa malori watakuwa wanamtazama yeye tu.

Sijui ni nani. Inawezekana hata Costancia hajawahi kumwona, maana yuko nyuma yake. Ni mtu aliyepita tu.

Kasema nisiguse kitu. Nimelifikiria sana hilo. Alimaanisha kitu cha maana.

Programu ninayo. Nitaweka ukuta mweupe mahali pake, au ua. Ua litapendeza zaidi. Hatajua ni nini kimebadilika, ataona tu kwamba picha imepumua, na Jumapili, nikishakula maandazi, nitamwambia kwa upole ni nani aliyeifanyia hivyo.

Mkono nimeshaufuta. Sasa naingia kwenye kilemba.